Detekta ya gazi ya makala (makaa ya kupikia): dola unazolipa ni za platinamu, si za boksi

Bana Goma, wengine niliwaahidi kwa WhatsApp kwamba nitaandika juu ya hii detekta, ile kidude nyeupe yenye kioo kidogo cha namba, ju tangu niiweke ukutani kila mutu anayeingia kwangu anauliza kama ni kamera. Si kamera. Inapima CO, yaani monoksidi ya kaboni, ile gazi isiyo na harufu wala rangi yenye kutoka kwa mbabula (jiko la makala), kwa grupe (jenereta), kwa gari lililowashwa ndani ya garaji. Niliinunua Birere dola 28 kisha kubishana bei mpaka mate yakakauka, na shemeji yangu wa Ndosho iko na ingine ya dola 9, basi nikazipima zote mbili pamoja, nikazifungua zote mbili, na nawaambia hapa hapa mwanzo ili asiye na muda asichoke: ya dola 28 nunua kama feza iko, ya dola 9 waachie wenye nayo.

Majina ya kampuni siyataji, na hata ningeyataja yasingewasaidia, hizi vitu zinatoka Uchina zinachapwa jina lolote, boksi unayoiona leo na jina moja mwezi ujao utaikuta na lingine. Jina liache, angalia kilicho ndani.

Sasa kwa nini mutu wa Goma ahangaike na hii kitu. Munajua wenyewe. Makala njo jiko letu, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinashuka nayo kila asubuhi, na jioni mvua ikinyesha na baridi ya ziwa ikaingia, mama anavuta mbabula mpaka ndani, anafunga mulango, anasema "makala yameshaiva, moshi umeisha, hakuna shida." Na hapo njo penye shida kabisa. Ule moshi unaochoma macho ni wa vipande ambavyo bado ni kuni kuni, unakufukuza wewe mwenyewe unatoka nje. CO inatengenezwa na makaa mekundu, yale mazuri yaliyoiva: huko chini kwenye hewa kaboni inaungua vizuri inakuwa CO2, halafu hiyo CO2 inapanda ikipita katikati ya makaa mengine ya moto, inachukua kaboni tena, inageuka CO. Umeshaona ule mwali mudogo wa bluu unaochezacheza juu ya mbabula usiku? Ile ni CO yenyewe inaungua ikikutana na hewa. Ile ambayo haikubahatika kuungua inaingia chumbani, na wewe uko unaota.

Ikiingia mwilini inashika himoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kidogo yake inakaa kwenye viti vya oksijeni na haitoki haraka, ukiwa kwenye hewa safi nusu yake tu inahitaji kama saa nne ao tano kuondoka. Mutu anaamka kichwa kinauma, anatapika, miguu haina nguvu, na sisi tunasema malaria, ao jirani amemfanyia kitu. Na ile mashine ndogo ya kubana kidole kwenye vituo vya afya inaweza kukuonyesha 98 kwa mia huku mutu anakufa, ju inaangalia rangi ya damu tu, na damu yenye CO kwa macho ya ile mashine inafanana na damu yenye oksijeni. Kwa hiyo kama umepeleka mutu wa nyumba ya mbabula, mwambie munganga wazi kwamba walilala na makala ndani, asiamini kidole peke yake.

Haya, tuingie kwenye vidude.

Ya shemeji kwanza. Inachomekwa kwa prizi, haina batri, iko na taa tatu na namba nyekundu, na kwenye boksi wameandika inakamata gazi ya kupikia, moshi, CO, kila kitu. Nilipoifungua nikakuta kikopo kidogo cha chuma chenye wavu juu na miguu sita, na ukikigusa kinachoma kidole. Ndani ya kile kikopo kuna ganda la oksidi ya bati linalopashwa moto na waya, gazi ikifika pale inaungua na oksijeni iliyoshikamana na ganda, na umeme unapita kwa urahisi zaidi, basi kidude kinahesabu hapo. Ni akili ya Mujapani mumoja, Naoyoshi Taguchi, aliyeileta 1962. Na sasa cheka kidogo: oksidi ya bati njo kasiterite, yale mawe ya bati. Ile ile yenye watu wanachimba Bisie kule Walikale, wanabeba mugongoni. Imetoka kwetu ikiwa mawe (si lazima hii, lakini ingeweza), imerudi ikiwa kidude cha dola 9 ndani ya katoni.

Ile teknolojia yenyewe sisemi ni ya bure. Kuna zenye kutengenezwa vizuri, zinabadilisha joto kwa zamu, juu chini juu chini, ili zitofautishe CO na gazi zingine. Hii ya shemeji haifanyi hayo. Inapasha moto tu na kupiga kelele kwa kitu chochote kinachoungua: akipuliza marashi inalia, akikaanga vitunguu inalia, kijana akifungua chupa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, karibu nayo inalia. Nilisogeza mbabula ikalia pia, ndiyo, lakini wakati huo hakuna mutu ndani ya nyumba alikuwa bado anaisikiliza. Na mara umeme ukikatika inakufa, na umeme ukikatika njo wakati watu wanawasha grupe na mbabula. Siku niliyorudi kule nikaikuta imechomolewa, prizi inashaji telefone. Simlaumu.

Sasa hii yangu. Ndani hakuna kitu cha moto. Kuna kiselindari cha chuma kama batri ndogo nene, juu kiko na kitundu chembamba hata sindano haipiti vizuri, nyuma ya kitundu kichujio cha unga wa makaa (tazama vile makaa yanarudi tena, safari hii upande wetu), kisha utando wa Teflon unaoacha gazi ipite na kuzuia maji, na juu ya huo utando njo kuna kitu unacholipia: vumbi jeusi la platinamu, njo elektrodi ya kwanza (fasi umeme unapitia). Ukikiona hutasema ni metali ya thamani, ni kama masizi. Nyuma yake kuna asidi, ile aina ya asidi ya batri ya gari, kisha elektrodi ya pili nayo ina platinamu. Basi. Waya mbili zinatoka, moja huku moja kule.

Kinachofanyika mule ndani ni kizuri mpaka nilikaa nikisoma usiku. CO ikigusa platinamu pale mbele, platinamu inaikutanisha na maji ya kwenye asidi, CO inanyang'anya maji oksijeni na kuwa CO2, na katika hiyo biashara kila molekuli inaacha elektroni mbili na protoni mbili. Protoni zinaogelea ndani ya asidi, elektroni haziwezi kuogelea mule, zinalazimika kupita kwa waya nje, zikifika upande wa pili zinakutana na oksijeni ya hewa na zile protoni, wanatengeneza maji tena. Kwa hiyo maji yaliyotumika huku yamerudishwa kule, asidi haiishi, kinachoungua ni CO tu. Ni seli ya mafuta ndogo (kidude kinachogeuza mafuta kuwa umeme bila moto), ile ambayo William Grove wa Uingereza aliionyesha kwa hidrojeni na platinamu mwaka 1839, lakini hapa mafuta yake ni gazi inayotaka kukuua. Umeme unaotoka ni mudogo sana, sensa hizi ndogo za nyumbani zinatoa nanoampea (sehemu ya bilioni ya ampea) chache kwa kila ppm moja ya CO (ppm ni sehemu moja katika milioni ya hewa), lakini unakwenda sawa na kiasi: CO ikiwa mara mbili, umeme mara mbili. Hiyo njo sababu namba yake unaweza kuiamini kidogo, na hiyo njo sababu batri mbili za kawaida zinaisukuma muda murefu, haina kitu cha kupasha moto.

Mutu ataniuliza, platinamu ni ghali, wanaweza kuuza dola 28 namna gani? Jibu ni udogo wa zile chembe. Platinamu hapa ni kichocheo, inaharakisha kazi bila yenyewe kuisha, na kichocheo kinafanya kazi kwenye ngozi yake tu, atomi zilizo ndani ndani zinalala bure. Gogo zima ukiliwekea kiberiti halishiki, ulipasue vijiti vijiti linawaka lote. Sasa piga hesabu: chukua mchemraba wa platinamu wa sentimita 1 kila upande, ngozi yake yote ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe vimchemraba vya nanomita 10 kila upande (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), metali ni ileile, uzito uleule, lakini ngozi imekuwa mita za mraba 600, yaani parseli nzima ya mutaa wa Himbi. Kwa hiyo kwa sensa moja kunatosha unga kidogo sana, na ungetumia kipande kizima cha platinamu ungelipa kama pete ya harusi na kazi ingekuwa mbovu zaidi.

Na si udogo peke yake. Metali ikiwa chembe ndogo hivyo inabadilika hata tabia. Dhahabu munaijua, iko Kamituga, haishiki kutu, haichanganyiki na mutu, wakemia walikuwa wanaiita ya uvivu. Mujapani mwingine, Masatake Haruta, miaka ya 1980 alionyesha kwamba dhahabu ikiwa chembe za nanomita chache na ikakaa juu ya oksidi inayofaa, inaunguza CO hata kwenye baridi chini ya sifuri. Dhahabu ileile ya shingoni.

Kuna kitu kimoja kinachekesha. Kwenye seli za mafuta za magari, zile za hidrojeni, CO njo adui mukubwa wa platinamu: inashikamana nayo ikakataa kutoka, inaziba fasi zote, na ppm 10 tu za CO ndani ya hidrojeni zinatosha kuharibu kazi, kwa hiyo maabara zinahangaika kuchanganya platinamu na ruteni, metali ingine, ili kuisafisha. Sasa kwa detekta ile ile CO ile ile platinamu inafanya vizuri, namna gani? Ju elektrodi ya pili iko wazi kwa oksijeni, na oksijeni inavuta elektroni kwa nguvu, hiyo nguvu inafanya maji yaliyo juu ya platinamu yaachie oksijeni yake kwa urahisi, CO inaungua mara tu inaposhika. Kwenye gari, upande wa hidrojeni hakuna huo mvuto. Mimi hii ilinifurahisha kuliko kitu kingine chote, lakini najua wengi munataka kujua tu kama inalia.

Inalia. Lakini hailii namna munavyofikiri, na hapa njo watu wengi wanairudisha dukani wakisema ni ya fo, ya bandia. Nilitoa mbabula kwa veranda, makala yameiva mekundu, nikaning'iniza detekta juu yake kwa fimbo, mbali kidogo joto lisiiyeyushe. Namba zikapanda, 40 na kitu, 90, 140, zikicheza na upepo. Kimya. Mutoto wa jirani akaniambia "papa, imekufa." Haikufa. Hizi zenye kufuata kanuni ya Ulaya ya EN 50291 zimepangiwa muda: kwenye 30 ppm hairuhusiwi kulia kabla ya dakika 120, kwenye 50 ppm inalia kati ya dakika 60 na 90, kwenye 100 ppm kati ya 10 na 40, na kwenye 300 ppm lazima ilie kabla dakika 3 hazijaisha. Wanahesabu CO inavyojaa ndani ya damu, si CO iliyopita mbele ya kitundu. Nilipoiingiza kwenye kale kachumba ka nyuma tunakoweka vyombo, nikaweka mbabula ndani peke yake, nikafunga mulango na kutoka nje, namba nilikuwa naichungulia kwa dirisha, ilivuka 300 haraka kuliko nilivyofikiri na ikaanza kupiga bipu nne nne mpaka kwa jirani wa tatu wanasikia. Kachumba bila dirisha wazi, makala ya bakuli moja. Halafu kuna watu wanalala kwenye vyumba vidogo kuliko kale. (Musijaribu mukiwa ndani, tafadhali, na ukimaliza fungua mulango ukae mbali.)

Lakini hapo hapo kuna upungufu ambao boksi haiwaambii. Ikiwa kimya haimaanishi hewa ni nzuri. OMS, Shirika la Afya Duniani, kwa miongozo yake ya 2021 inasema wastani wa saa 24 usipite miligramu 4 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kama 3.5 ppm, na hizi detekta kwa 20 ppm zinakaa kimya usiku kucha. Zinakukinga na kufa. Kuumwa kichwa kila siku na mimba ya mama anayepika ndani, hapo unasoma namba mwenyewe, usingoje kelele. Kwa hiyo chukua yenye kioo cha namba, ile yenye taa tu usichukue hata kama iko na dola tano za chini.

Sasa kelele za uongo. Hii yangu marashi haijali, kale kachujio ka makaa kanakamata mvuke wa pombe na vitu vya namna hiyo. Ila kuna mugeni mumoja anapita: hidrojeni. Mimi kazi yangu ni kufunga solar, na kwa muteja mumoja Katindo tuliweka detekta sebuleni fasi batri zake kubwa za maji zinakaa, zile za asidi. Mchana jua kali, batri zimejaa, shaji bado inasukuma, batri zikaanza kuchemka, na detekta ikaonyesha 60, 80, hakuna mbabula, hakuna grupe, mama amekasirika anasema tumemletea pepo. Ni hidrojeni ilikuwa inatoka kwa batri, na platinamu kwa hidrojeni ni rafiki wa tangu zamani, inaiunguza kwa furaha kuliko hata CO, kidude kinahesabu elektroni tu, hakiulizi zimetoka wapi. Kusema kweli ilitusaidia, ju hidrojeni ndani ya sebule nayo si ya kuchezea, tukahamisha batri kwa baraza na kupunguza volti ya shaji. Basi mukiwa na batri za maji ndani na detekta ikalia mchana, mujue.

Na sasa jambo lililonifanya niandike. Butiki ya kwanza niliyoingia, silitaji, kijana aliniambia hivi:

"Yaya, hii inakamata gazi yote. Hata mazuku."

"Mazuku? Umejaribu?"

"Iko kwa boksi, yaya. Gazi ni gazi."

Hapana. Hii ni hatari na naomba wenye kuuza waache. Mazuku ni CO2, ile ya volkano inayotoka chini ya mawe ya lava na kujikusanya kwenye mashimo, upande wa Lac Vert, upande wa Bulengo, njia ya Sake, na kila mutu wa kule anajua mbuzi ao kuku aliyekutwa amelala asubuhi, na si mbuzi tu. CO na CO2 kwa kuandika zinapishana namba moja, kwa platinamu ni mbingu na udongo. CO iko na njaa ya oksijeni, inaweza kutoa elektroni. CO2 imeshashiba, imeungua mpaka mwisho, haina elektroni ya kumpa mutu, platinamu inaitazama ikipita. Unaweza kuiingiza hii detekta ndani ya mazuku itaonyesha 0 huku wewe umeanguka. Na hata ingeiona, fasi ya kuiweka ni tofauti: CO2 ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, inakaa chini sakafuni kwenye godoro la watoto, CO uzito wake karibu sawa na hewa na inatoka na joto la mbabula, inajaa chumba chote. Ya kupima CO2 inatumia mwanga wa infraredi na bei yake ni ingine. Anayekuuzia moja kwa kazi ya mbili anakuuzia kaburi.

(Kuna wenye kufanya CO2 ikubali elektroni kwa lazima, ndiyo. Yoshio Hori, naye Mujapani, miaka ya 1980 alionyesha kwamba shaba ikipewa umeme inageuza CO2 kuwa metani na etilini, na leo maabara nyingi zinatengeneza chembe nano za shaba kwa hiyo kazi, wakati shaba yenyewe iko Katanga hapo. Lakini hiyo unaisukuma kwa umeme wa nje, unalipa bili. Haiwezi kuwa detekta ya batri mbili.)

Butiki niliyonunua mwishoni ni ya papa mumoja muzee mutulivu, aliniacha nifungue boksi tatu mbele yake bila kuguna, na hakuwa anajua kitu juu ya sensa lakini hakudanganya, alisema "mwanangu, mimi nauza, wewe soma." Nikasoma. Nyuma, kwa herufi ndogo kabisa, kuna tarehe ya kutengenezwa. Hii tarehe njo kitu cha kwanza kuangalia, kabla ya bei. Sensa inazeeka hata ikiwa ndani ya boksi: zile chembe za platinamu polepole zinaungana na kuwa kubwa zaidi, ngozi inapungua, na asidi inakauka ao inanywa unyevu, kwa hiyo wenye kutengeneza wanaipa miaka 5, 7, wengine 10, kisha inaanza kupiga bipu ya kuomba ibadilishwe. Huwezi kubadili sensa peke yake, unatupa yote. Pale mezani kulikuwa na za 2019 na za 2024 zimechanganywa, boksi sawa, bei sawa.

Kile kifungo cha TEST nacho kisiwadanganye. Kwa nyingi kinajaribu batri na kengele tu, hakipeleki CO yoyote kwa platinamu, kwa hiyo sensa inaweza kuwa imekufa na kifungo kinapiga vizuri kabisa. Mimi kila baada ya muda naipeleka kwa veranda juu ya mbabula naangalia kama namba zinapanda. Ni ya kienyeji, haikupi namba sahihi, lakini inakuambia kama mule ndani kuna mutu.

Vitu vingine vya haraka. Silikoni, ile ya kuziba madirisha na ile ya spreyi ya kung'arisha dashibodi, weka mbali, na rangi mbichi pia, siku ya kupaka ukuta toa detekta nje. Vumbi la hapa kwetu linaziba kitundu, ipanguse na kitambaa kikavu, usipulizie kitu. Usiitundike juu ya jiko kabisa wala nyuma ya pazia, weka chumba mnamolala, urefu wa kichwa cha mutu aliyelala ao juu kidogo, na kama vyumba ni viwili na feza ni ya moja, iwe ya chumba cha watoto. Batri za ndani ya boksi zilikuwa mbovu, nilinunua zingine siku hiyo hiyo. Skrubu za kutundika ni za kucheka, ukuta wa mawe ya lava unazikataa, leta zako. Karatasi ya maelezo ni Kichina na Kiingereza cha ajabu, Kifaransa hakuna, Kiswahili tusiulize.

Kwa bei, mutu wa kupanga chumba kimoja Majengo dola 28 ni feza nyingi, najua, ni makala ya siku mingi. Kama huna, mbabula ilale nje, hiyo haina dola. Lakini nimeanza kuwaambia mabayere (wenye nyumba) ninaowafungia solar waongeze moja kwa kila nyumba ya kupangisha, na wawili walikubali bila kelele, wa tatu aliniuliza kama inaweza pia kukamata wapangaji wasiolipa.

Nilipita tena kwa yule papa kumchukulia moja shemeji. Za 2024 zimebaki mbili ao tatu, chini kabisa ya rundo. Za 2019 bado zimepangwa mbele, na bei ni ileile.